Kupima si kupima: Baruti ilivyotufunza kutenga ujazo na uzani

Ukienda sokoni kununua mahindi kwa gorogoro, unapimiwa. Ukipitia kwa bucha kuchukua nyama nusu kilo, hapo pia unapimiwa. Kitenzi ni kimoja, ila kazi ni mbili. Gorogoro hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu hujaza. Mizani hupima uzani. Sokoni, anayechanganya mawili hayo atapunjwa shilingi chache tu. Katika historia ya baruti, kosa lilo hilo limepasua mitutu ya bunduki na kuwang'oa watu vidole.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Baruti lilitufikia kutokana na neno la Kiarabu, barud. Katika karne ya 13, mtaalamu wa mimea na dawa Ibn al-Baytar alilitumia kwa maana ya shura, ile chumvi inayochochea moto. Baadaye jina la kiungo kimoja likawa jina la mchanganyiko mzima wa shura, makaa na kibiriti. Na msomaji asidhani kibiriti hapa ni cha kuwashia jiko: maana yake ya asili ni salfa. Risasi nayo ilikuwa jina la metali kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka mtutuni. Msamiati wa bunduki, basi, umejaa majina yaliyohama. Vipimo vyake pia vilihama, na hapo ndipo hatari ilipoingilia.

Mwenye gobori hakuwa na haja ya mizani. Alimimina baruti kutoka kwenye pembe hadi katika kikombe kidogo, akaitia mtutuni, kisha akashindilia. Kikombe hicho kilipima ujazo, lakini alama zake zilisomeka kwa kipimo cha uzani ambacho Waingereza hukiita kwa neno lenye maana ya punje, maana asili yake ni punje ya shayiri. Ratili moja ya Kiingereza ina punje 7,000. Kikombe chenye alama ya 70 kilibeba baruti nyeusi yenye uzani wa karibu punje 70, kwa hiyo hakuna aliyejali tofauti. Hata jeshi la Marekani, lilipopitisha risasi ya .45-70 mwaka 1873, lilitumia hesabu hiyo: 70 ni punje za baruti.

Mambo yalibadilika mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi yenye nguvu takriban mara tatu ya ile nyeusi. Wako watengenezaji waliotoa baruti mpya nyepesi, iliyokusudiwa kupimwa kwa kikombe kilekile cha zamani. Wengine, akiwemo Alfred Nobel mwaka 1887, walitoa iliyo nzito na iliyoshikamana. Sasa kikombe kilekile, kikijazwa kwa mkono uleule uliozoea, kilikuwa na uwezo wa kupasua bunduki.

Majina ya zamani nayo hayakustaafu. Risasi za bunduki ya marisau zilikuwa zikipimiwa baruti kwa drami, neno lenye asili moja na dirhamu. Hadi leo baadhi ya makasha huandikwa kwamba risasi ni sawa na drami 3. Si kwamba ndani mna drami 3 za baruti. Maana yake ni kwamba risasi hiyo inakwenda kama ambayo ingesukumwa na drami 3 za baruti nyeusi. Anayejijazia risasi nyumbani, akasoma vibaya na kupima punje 82 za baruti ya kisasa, ameweka kiasi kikubwa kupita mno.

Katika miaka ya 1970 zikaja mbadala za baruti nyeusi, mojawapo ikiwa Pyrodex ya Marekani. Hii ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, na maagizo yake ni kwamba ipimwe kwa ujazo. Kikombe cha alama ya 100 kikijazwa Pyrodex, mizani haitasoma punje 100, itasoma pungufu. Sasa mtu mwangalifu, tena kwa nia njema, akiamua kuipima kwa mizani hadi ifike 100, atakuwa amezidisha. Ndiyo maana kanuni ya fani hii haina mzaha: mbadala hupimwa kwa ujazo, baruti isiyo na moshi hupimwa kwa mizani kwa kufuata jedwali la mtengenezaji, na hiyo isiyo na moshi kamwe haitiwi katika bunduki iliyoundiwa baruti nyeusi.

Ikumbukwe kwamba mtu huyo hakukosea hesabu. Alikosea neno. Alisoma punje akadhani ni uzani, kumbe aliyeandika alikusudia ujazo.

Kiswahili hakijapungukiwa hapa. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba walijua kibaba hujazwa, hakipandishwi mizani. Tuna ujazo, tuna uzani. Kinachotakikana ni kuvitaja. Mfasiri anayekutana na "punje 100" aulize kwanza: za kikombe au za mizani? Vivyo hivyo muuzaji dawa anayemwambia mzazi ampe mtoto "tano" jioni. Tano za mililita au za miligramu? Asipotaja, atakuwa amemwachia mzazi abahatishe.