Nunda kabla ya Pokémon

Hapa Base Camp, Nakivale, mdogo wangu hutazama kwenye simu mapambano ya Pokémon Sword, mchezo wa mwaka 2019. Joka Eternatus likishapigwa, linajaa nguvu na ghafla linakuwa jitu la kufunika anga. Mimi nikamkumbuka nunda.

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alikula ndama, akala mbuzi, kisha watu. Kila waliposhtaki, Sultani alijibu kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake. Wanawe watatu walipouawa ndipo akakiri kuwa yule si paka tena, ni nunda.

Kwangu mimi nunda anatisha kuliko Eternatus, kwa sababu alikua watu wakimwona. Baba akisimulia tulivyotoka Kivu, haanzii usiku wa risasi. Anaanzia mbuzi walioibwa, na wazee waliokwenda kushtaki wakaambiwa warudi nyumbani.

Mdogo wangu anauliza: alipokula ndama, alikuwa bado paka? Jana tumebishana mpaka simu ikazima.