Rubani Aliyeanza na Kifaransa

Nilipomaliza kidato cha nne niliulizia ada ya urubani. Karani akatazama kandambili zangu, akacheka weee! Njiani nikamkumbuka Bessie Coleman, msafisha kucha kwenye duka la kinyozi, Chicago. Vyuo vya Marekani vilimkataa: mweusi, tena mwanamke. Basi akajifunza Kifaransa, akavuka bahari. Huko Ufaransa ndege ilikuwa mbao na kitambaa. Fimbo nene mbele, mti wa kukanyagia chini ya miguu. Tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni.

Aprili 1926, huko Jacksonville, spana ilikwama kwenye mitambo, ndege ikapinduka. Bessie hakuwa amefunga mkanda. Akaanguka.

Alikuwa akichangisha fedha afungue chuo cha urubani kwa weusi. Karani wa chuo kile, nadhani, asingetazama kandambili za mtu.