Bumu na deni la 1966

Leo historia kidogo, manake huku hosteli kila mtu analia na bumu. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar waliandamana wakipinga mpango wa kwenda JKT kwa lazima, halafu miezi 18 ya kazi kwa 40% tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawatimua karibu 400, na palepale akakata mshahara wake mwenyewe 20%. Wengi walirudishwa baadaye.

Kwamba msomi husomeshwa na jasho la mkulima, nakubali. Ila kumfukuza anayeuliza si kumfundisha. Na sisi walimu watarajiwa tunadaiwa: mwaka 2016 makato ya mkopo yalipanda toka 8% hadi 15%. Tulipe jamani, lakini tuulize.