Winam Ilipokuwa Mbuga Kavu

Miaka 17,000 hivi iliyopita, msafiri angeweza kutoka hapa ilipo Kisumu hadi ilipo Jinja kwa miguu, akipita juu ya sakafu ya Ziwa Victoria. Ziwa lilikuwa limekauka. Watafiti waliotoboa tope la chini walikuta tabaka la udongo mgumu lenye alama za mizizi: penye maji leo paliota nyasi. Mto Nile haukupata tone kutoka huku.

Anayejua ziwa hili linavyoishi hatashangaa. Limetanda kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake ni mita 80 tu panapozama zaidi, na Ghuba ya Winam, huku Kisumu, ina kina kifupi zaidi. Kadiri ya asilimia 80 ya maji yake hunyesha moja kwa moja juu yake. Nzoia, Yala, Nyando na Sondu huongezea. Zama za barafu zilipofikia mwisho wake, mvua za Afrika Mashariki zilipungua, na jua likanywa zaidi ya kilichonyesha. Miaka kama 15,000 iliyopita mvua zilirudi, bonde likajaa. Watoto wetu hukaririshwa ukubwa wa ziwa. Naona umri wake ni habari kubwa zaidi.

Ukame huo haukuwa wa kwanza, na ushahidi uko Rusinga. Kisiwa hiki kinasifika kwa fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa miaka milioni 18, ambalo Mary Leakey alilipata mwaka 1948. Mimi huvutwa zaidi na mifupa michanga, ya makumi ya maelfu ya miaka tu. Humo wamo choroa na pundamilia wa Grevy, wanyama ambao leo Mkenya huwafuata Samburu na Marsabit. Yumo pia Rusingoryx, jamaa ya nyumbu aliyetoweka kabisa, mwenye pua iliyotuna juu ya uso na mvungu ndani yake. Huko Wakondo, kisiwani humo, mifupa ya kundi zima la Rusingoryx imefukuliwa pamoja na zana za mawe, na baadhi ina alama za kuchinjwa. Waliowawinda hawakuwa wavuvi; walikuwa watu wa mbuga, na Rusinga haikuwa kisiwa bali kilima.

Maji yaliporudi, watu walijifunza kuishi nayo. Wafinyanzi tunaowaita Wakansyore walivua, wakawinda, wakala kombe hadi maganda yakawa vichuguu ufukoni. Vyungu vyao vimepatikana pia Gogo, kwenye maporomoko ya Mto Kuja. Wajaluo waliotoka iliko leo Sudan Kusini na mifugo yao, na Wasuba waliovuka kutoka upande wa Buganda, ni wageni wa karne chache zilizopita. Reli iliyozaa mji wa Kisumu ilifika mwaka 1901 tu.

Ziwa bado linafuata mvua. Zile za 1961 zililipandisha, na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita mbili. Rekodi ya mwaka huo ilidumu hadi Mei 2020, maji yalipoivuka, yakaingia mashambani na majumbani pwani ya Winam, na familia nyingi zikahamia sehemu zilizoinuka.