Hitilafu Si Kosa

Mtu wa Garissa akisema fulani "yuko mteja", anamaanisha simu yake imezimwa au iko nje ya mtandao. Usemi huo ulizaliwa na ile sauti ya simu: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Sauti hiyo imechagua maneno yake vizuri. Haisemi mtu hayupo. Inasema hapatikani, tena kwa sasa.

Programu nazo zafaa kusema kwa uangalifu huo. Ichukuliwe programu ya simu inayouliza bei ya mbuzi Garissa, Wajir na Mandera. Kwa GraphQL, lugha ya maulizo iliyobuniwa Facebook mwaka 2012 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2015, swali moja hubeba masoko yote matatu. Takwimu za Mandera zikikwama, seva haikatai swali zima. Hurudisha bei za Garissa na Wajir, huacha nafasi ya Mandera tupu, kisha huambatisha orodha ya yaliyoharibika na njia inayoonyesha yaliharibikia wapi. Mara nyingi jibu hilo huja na namba 200, ambayo kwenye wavuti maana yake ni "sawa". Programu inayotazama namba hiyo tu itaamini kila kitu ni shwari.

Kwa kuyaita yaliyoharibika hapa, neno "kosa" linapwaya. Kosa lina mkosaji. Mkosaji hushtakiwa, au huomba radhi. "Hitilafu", neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya kutofautiana, halimnyoshei mtu kidole: mtambo ukiharibika, redio hutangaza hitilafu. Nalo jibu la namna hii lastahili kuitwa "jibu pungufu", kwa kuwa lina upungufu lakini bado ni jibu.

Apollo Client, maktaba ambayo programu huitumia kuuliza kwa GraphQL, isipoelekezwa vingine, hulitupa jibu pungufu lote. Mwandishi wa programu akichagua sera iitwayo "all", hupewa data pamoja na hitilafu. Kwa dalali wa mifugo, ambaye Wasomali humwita dilaal, bei mbili kati ya tatu ni msaada mkubwa.

Ubaya mkubwa zaidi ni kuijaza nafasi tupu kwa sifuri. Mfugaji atasoma kwamba Mandera mbuzi hana thamani, na huo ni uongo unaoweza kumfanya auze kwa hasara. Kioo cha simu kionyeshe bei za Garissa na Wajir kama zilivyo, na chini yake: "Bei ya Mandera haipatikani kwa sasa."