Mti Mtakatifu na Jina la Mkokoni

Wahakiki wa visasili wamezoea kuuchukulia mti mtakatifu kuwa nguzo iunganishayo mbingu na ardhi, kama Yggdrasil wa Skandinavia. Makala haya yanadai kwamba pwani ya Kenya yahitaji usomaji mwingine. Katika makaya ya Wamijikenda, yaliyotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, utakatifu hudhihirika katika mwiko: msitu haukatwi ovyo. Mkokoni, huko Lamu, jina la kijiji latokana na mkoko, mti wa boriti zilizojenga nyumba hadi Uarabuni. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuziuza nje; amri ikashika kazi ambayo kayani hufanywa na mwiko. Ishara ya mti, basi, isomwe pamoja na historia ya shoka.