Mahakama ya Muungano ambayo haijawahi kukaa

Kila inapokaribia Aprili 26, Siku ya Muungano, tunaonyeshwa tena picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Orodha ya mambo ya Muungano, ambayo ndiyo chanzo cha kero zote za Muungano, haina picha.

Hati za Muungano zilizotiwa saini Unguja Aprili 22, 1964 zilitaja mambo 11 tu ambayo Bunge lingeyatungia sheria kwa nchi nzima, yakiwemo ulinzi, polisi, uraia, mambo ya nje na kodi ya mapato. Yaliyobaki ya Zanzibar yaliachiwa Zanzibar. Kisha orodha ikanenepa: mafuta na gesi viliingia 1968, Baraza la Mitihani 1973. Leo Katiba inataja mambo 22.

Aboud Jumbe, aliyemrithi Abeid Karume kama Rais wa Zanzibar mwaka 1972, hakuridhika. Katika kitabu alichokitoa 1994 anashikilia kwamba hati zile hazikuifuta serikali ya Tanganyika, wala hazikumpa mtu ruhusa ya kuongeza mambo upande mmoja. Alitaka swali hilo liamuliwe na Mahakama Maalum ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Zanzibar, na uamuzi huhitaji theluthi mbili ya kila upande. Aliandaa hati ya madai kimyakimya. Ikamfikia Nyerere kabla ya kufika kwa majaji. Januari 1984, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma, Jumbe alibanwa hadi akajiuzulu nyadhifa zote: urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano na umakamu mwenyekiti wa chama. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa kutaka kuuliza swali ambalo Katiba yenyewe inaruhusu liulizwe.

Tume ya Warioba, iliyoandaa rasimu ya Katiba mpya, ilipendekeza orodha ipunguzwe hadi mambo 7. Bunge Maalum la Katiba la 2014 likaliweka kando pendekezo hilo. Sheria ya Petroli ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie mafuta yake, na mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake. Hata hivyo, mafuta bado yamo kwenye orodha.

Jumbe alifariki Agosti 2016. Mahakama aliyoitaka haijakaa hata siku moja. Kero hujadiliwa na kamati ya pamoja ya serikali mbili, milango ikiwa imefungwa. Serikali zote mbili ziwateue wajumbe wa mahakama hiyo, na suala la mafuta liwe la kwanza kusikilizwa hadharani.